Ukumbi wa Watu Mia Tatu

"Mwalimu Gaspari Mbena!" Kalunde aliita, akalivuta jina la mwisho kama alivyokuwa akiyavuta majina kwenye harusi, kabla ya homa. "Simama baba, watu wakuone. Kamati inasikiliza."

Mwalimu Gaspari akasimama. Juu alivaa koti la suti na chini, Kalunde angeweza kuapa, alivaa msuli, maana miwani ambayo kila mgeni aliivaa akiwa kwake ili auone ukumbi haikumwonyesha mtu chini ya kifua. Akasafisha koo, akaona majirani wamegeuka wote kwa mpigo, akajihami haraka.

"Ni mate tu jamani, si kutu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Watu mia tatu walicheka kwenye viti vyenye vitambaa vya zambarau, chini ya taa za rangi, na pembeni mtu mmoja alipiga meza kwa furaha.

"Mimi nilikuja kuahidi mchele na sala," Mwalimu akasema. "Lakini nimemsikia Shoo ametoa cha akiba. Mama Tarimo naye ametoa. Sasa mimi nitatazamana nao vipi? Basi, emsii, niandikie kibandiko kimoja."

Vigelegele vikapasua paa. Kalunde akampigia makofi kama anavyostahili mtu aliyetoa kinga yake, kisha akashusha macho kwenye kioo cha kazi kilichokuwa mezani kwake. Kwenye kioo kile kila mgeni alikuwa na nukta kichwani. Nukta za kijani, za waliokuwapo kweli, zilikuwa kumi na tisa. Shoo hakuwa na ya kijani. Mama Tarimo hakuwa nayo pia, kwa sababu saa ile Mama Tarimo alikuwa nyumbani kwake akipalilia mchicha, na kwenye mchango wowote hajawahi kutoa hata kijiko.

Mwalimu Gaspari akaketi, amefurahi, akapunga mkono kwa Shoo. Kivuli cha Shoo nacho kikampungia.

*

Homa ya kutu ilianza masika. Mtu alikohoa makohozi ya rangi ya bati kuukuu siku ya kwanza, siku ya pili akashindwa kusimama, na ya tatu ikawa ya mwisho kama hakubandikwa dawa. Kibandiko kilikuwa kidogo kama stempu. Ukikibandika kifuani kinaisoma damu ya mgonjwa, kinamchanganyia dawa yake yeye tu, na baada ya hapo hakimfai mtu mwingine. Hakikatwi nusu wala hakirudiwi. Tena aliyepona aliweza kuugua upya, ndiyo maana kila mtu alipangiwa viwili, cha kwanza na cha akiba, na vingine viliahidiwa baada ya miezi minne.

Mtambo uliovigawa ulihesabu kaya kwa mita za umeme. Huko Mlimani, Morogoro, kila nyumba ilikuwa na mita yake, na wengine walikuwa na mbili, ya pili ya banda la kuku. Kuku hao walipata vibandiko. Kota za Mkonge, bondeni, mita moja ililisha vyumba kumi na familia kumi, na mtambo ukaona kaya moja. Kosa lilipogunduliwa bohari lilikuwa tupu, na Kota zilikuwa zimeshazungushiwa uzio.

Ndipo wakamtafuta Kalunde. Alikuwa mshereheshaji wa miaka ishirini, na hakukuwa na mtu mji ule aliyejua kuchangisha kama yeye. Mkutano wa kwanza ulihudhuriwa na watu kumi na wanne. Walivaa miwani, wakauona ukumbi mtupu, wakatazamana, na kila mmoja akaahidi sala. Kibandiko kimoja tu kilitolewa siku ile, nacho kilikuwa cha Kalunde mwenyewe.

Elineema, fundi wa mtambo wa ukumbi, binti wa Kipare mwenye mkono mwepesi na maneno machache, akajaza viti kwa watu wa kubuni. Mkutano wa pili wakapata vitatu.

"Mdogo wangu," Kalunde alimwambia siku ile, "hakuna anayeona haya mbele ya asiyemjua. Hivi unadhani mtu anachanga kwa ajili ya bwana harusi? Anachanga kwa sababu shemeji yake kasimama kabla yake. Niwekee majirani zao."

Wazo lilikuwa lake, na hakuwahi kujidanganya kuhusu hilo. Kanda pia zilikuwa zake, miaka ishirini ya harusi, sendofu na kipaimara, nyuso na sauti za Mlimani nzima. Mtambo ulizitazama zote. Ulijifunza nani hushindana na nani, nani hununa akipitwa, nani hutoa machozi yakimtoka. Waliokuja kweli walionana wao kwa wao. Viti vilivyobaki, kila mgeni alijaziwa vivuli vyake yeye, wale ambao akiwaona wametoa hawezi kukaa kimya.

Ijumaa ile ya Mwalimu Gaspari, mkutano wa nne, walipata vibandiko kumi na saba.

"Kumi na saba!" Nesi Sikudhani alisema kwenye simu kutoka Kota, sauti imekauka kwa kuongea na wagonjwa kutwa. "Dada Kalunde, Mungu akupe unachotaka. Hao watu wako wana roho gani?"

"Nzuri," Kalunde akajibu.

"Nina wengine arobaini na watatu. Wameanza leo. Mpaka Jumapili jioni, dada, wasivuke hapo."

*

Jumamosi asubuhi alipigiwa na Mama Pelagia Kobelo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?" Kisha kikohozi. Kilikuwa kirefu na kizito, na mwisho wake Mama Pelagia akatema kitu.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Si unaisikia? Imenirudia tangu jana. Cha kwanza nilikitumia masika, cha akiba nilikupa wiki iliyopita. Usianze kulia, sijakupigia kwa hilo. Nilitoa mwenyewe, na mikono yangu haikutetemeka." Akapumzika kidogo. "Nimepigia la Alfonsi."

Kila mtu Mlimani alilijua la Alfonsi. Alikuwa mdogo wake Mama Pelagia wa tumbo moja. Miaka kumi na moja nyuma aliuza shamba la mama yao kule milimani Uluguru, shamba ambalo kwa desturi yao Waluguru hupita kwa wanawake wa ukoo. Dada yake alimngoja mpaka siku ya matanga ya mama, akamwita mwizi mbele ya waombolezaji wote. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, ingawa nyumba zao zimetenganishwa na mitaa miwili.

"Nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi wako, moyo mgumu," Mama Pelagia akasema. "Nikamwona amesimama. Kakonda, yule. Akasema anatoa cha akiba kwa ajili ya watoto wa wenzetu. Nikajiambia, Pelagia, kama huyu mwizi kaweza, wewe unashikilia nini? Nikasimama na mimi. Sasa nikifa kabla hatujasemezana, umwambie nilimwona. Umwambie nimemsamehe."

Kalunde alishika ukingo wa meza. Hakuhitaji kutazama kumbukumbu za mtambo, lakini alizitazama. Alfonsi Kobelo alialikwa mara nne na miwani hakuivaa hata siku moja.

"Mama, mwombe," akasema. "Mpigie Alfonsi sasa hivi."

"Nimwombe nini? Nimekwambia alitoa cha kwake, nilimwona kwa macho yangu haya. Nimpigie nimuumize kwa kitu ambacho hana? Aa, mwanangu. Hiyo si busara."

Baada ya simu Kalunde alikaa akitazama ukuta. Alifikiria kuchomoa kimoja kati ya vile kumi na saba. Vilikuwa vimeshabandikwa vifuani, na hata visingebandikwa, angekichomoa kwa nani? Akaona aibu kwa kulifikiria. Akampigia Alfonsi.

"Pelagia anaumwa," akamwambia baada ya salamu. "Imemrudia. Hana cha akiba, na leo ni siku ya pili."

"Mimi ninacho kimoja," Mzee Alfonsi akasema. "Cha kwanza kilimponya mke wangu. Mwambie aniombe."

"Mzee wangu, jamani, ni dada yako."

"Alinivua nguo mbele za watu, mbele ya jeneza la mama. Na aniombe mbele za watu. Sitaki pesa, sitaki shamba. Aseme tu 'Alfonsi, nisaidie.' Kesho nitavaa hiyo miwani yenu nije. Akisema, kibandiko ni chake, na mimi homa ikinikuta initwae."

*

"Hilo ni jepesi, dada," Elineema akasema. Alikuwa amekaa kwenye stuli akila muhogo wa kuchoma, macho hayatoki kwenye kioo. "Kesho mzee anaingia. Namfunika Mama Pelagia wa kweli, asimwone, naye mama asimwone mzee wala asisikie akiitwa. Kisha mzee namwonyesha kivuli cha dada yake kinamwomba msamaha. Anatoa kibandiko, tunampelekea mama, tunamwambia kimetoka kwenye mchango. Anapona. Mzee ameridhika."

"Na wakikutana barabarani?"

"Miaka kumi na moja hawajakutana."

Elineema akaufunga muhogo kwenye gazeti, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama usoni.

"Ukimwambia mama ukweli, atauliza wengine walikuwa akina nani. Ni mwenyekiti wa akina mama wa kigango, dada, hajawahi kukaa na neno. Kesho tuna watu wa kweli ishirini na sita, hatujawahi kupata wengi hivyo. Arobaini na watatu wa Sikudhani wanakungoja wewe. Mimi nimezaliwa Kota. Sitajifanya sijui nani ninamtetea."

Kalunde hakulijua hilo, la Kota. Alisimama pale akiwa hana pa kuweka mikono yake. Kila upande aliogeukia alikuta mtu anakohoa.

"Fanya," akasema, na alijichukia kabla neno halijafika mwisho.

*

Jumapili saa kumi alasiri ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Elineema alikuwa ameongeza maua. Nukta za kijani zilikuwa ishirini na sita, na moja ilikuwa safu ya tatu. Mama Pelagia alikuwa amevaa miwani akiwa kitandani, kichwa kikiwa kimeegemea mto, kitambaa cha kanisa kichwani. Alikuwa hajakosa mchango hata mmoja na hakutaka kuanza kukosa leo.

Mzee Alfonsi aliketi safu ya kumi, mgongo umenyooka. Alikuwa amenyoa.

Kalunde alianza na salamu, akatania kidogo, watu wakacheka. Hakukawia. "Mzee Alfonsi Kobelo," akaita, na safari hii hakulivuta lile jina la mwisho. "Kuna mtu ana neno na wewe."

Kwenye kioo cha kazi alikiona kile alichokiona Alfonsi. Pelagia, mnene na mwenye afya, amevaa kitenge cha kijani, anatoka kwenye kiti chake, anapita katikati ya meza, anafika mbele ya mdogo wake. Akashika ncha ya kitenge kwa mkono wa kushoto, akakikusanya kisijikunje, akashusha goti la kulia kwanza, polepole, kisha la kushoto, akainamisha kichwa.

"Alfonsi," kivuli kikasema. "Nisaidie, mdogo wangu. Nisamehe."

Kalunde aliyatambua magoti yale. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kipaza sauti siku hiyo, kwenye sendofu ya binti wa Pelagia, Pelagia alipompigia mama yake magoti kumshukuru kwa kumlea, na bibi kizee akalia mpaka kilemba kikamvuka. Mtambo ulikuwa umeyachukua kutoka pale. Haukuwa na magoti mengine ya Pelagia ya kuchukua, kwa sababu maishani mwake Pelagia hakumpigia magoti mtu mwingine yeyote.

Mzee Alfonsi alikuwa pale siku ile. "Ulimpigia mama hivi hivi," akasema. "Hivi hivi, dada. Inuka, usiniue." Akanyoosha mikono kumwinua, na mikono ikapita kwenye hewa, maana ukumbi ule haukuwa na mwili wa kushika. Alikuwa analia kama mtoto.

Hapo Kalunde akashindwa. Hakupima chochote. Aliona tu kwamba wameyachukua magoti aliyopigiwa marehemu na kuyafanyia biashara, na kwamba amri ya kufanya hivyo ilitoka kinywani mwake.

"Elineema, vizime."

"Dada, arobaini na watatu."

"Vizime."

Elineema aliondoa mikono mezani akaikunja kifuani. Kalunde akanyoosha mkono, akabonyeza mwenyewe.

Ukumbi ukafa. Vicheko, mapambo ya nyuso, mtu wa kupiga meza, vyote vikatoweka mara moja, na kwenye viti mia tatu wakabaki watu ishirini na sita, wametawanyika, mmoja huku na mwingine kule, wanatazamana kwa mshangao wa watu waliokutwa bafuni. Mbele ya Alfonsi hapakuwa na mtu.

Safu ya tatu mtu akakohoa.

"Alfonsi?" Mama Pelagia akasema. "Wewe umetokea wapi? Unalia nini?"

"Umenipigia magoti," Alfonsi akasema. "Sasa hivi. Hapa."

"Nani, mimi?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akafuta mdomo na kitambaa kikatoka na rangi ya bati. "Mimi nikupigie magoti wewe? Uliyeuza shamba la mama kwa Mhindi wa mahindi? Umechanganyikiwa, mwizi mkubwa!"

Mzee Alfonsi alimtazama kwa muda mrefu, na uso wake, Kalunde aliapa baadaye, ulitulia. "Ndiye," akasema. "Huyu ndiye." Akavua miwani na nukta yake ikazimika. Kutoka kwake mpaka kwa dada yake ni dakika sita kwa mguu, na siku ile mzee hakutembea, alikimbia. Kwenye kiti cha safu ya tatu watu walimwona Mama Pelagia akigeuza kichwa upande wa mlango wake, akisema "Nani huyo anabomoa?", kisha naye akazimika.

"Emsii." Mwalimu Gaspari alikuwa amesimama. "Ijumaa. Shoo alikuwapo?"

Kalunde angeweza kujing'ata ulimi. "Hakuwapo, Mwalimu. Mlikuwa kumi na tisa. Wengine wote tuliwatengeneza. Wazo lilikuwa langu, fundi hana kosa."

"Na kibandiko changu?"

"Kiko kifuani kwa mshona magunia wa Kota. Jana alikunywa uji."

"Nashukuru," Mwalimu akasema, na alimaanisha, hilo ndilo lililouma. "Lakini ningejua ni mimi peke yangu, ningemuuliza kwanza mke wangu." Akavua miwani.

Waliondoka mmoja mmoja, wengine bila neno, mmoja na tusi. Kalunde hakumzuia mtu. Walipobaki kumi na mmoja alijaribu kusema kuhusu mita za umeme, kuhusu vyumba kumi, akajisikia anavyosikika, akaacha. Mama mmoja aliyekuwa nyuma kabisa akanyoosha kidole bila kusimama. "Kimoja," akasema. Vijana wawili mtu na mkewe wakanong'onezana, wakatoa kimoja. Mwenye duka la dawa za mifugo akatoa viwili, cha kwake na cha banda la kuku, akasema asiandikwe jina.

Vinne. Kwenye stuli yake Elineema alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakimtikisika, na Kalunde hakuthubutu kumgusa.

Alimpigia Nesi Sikudhani mwenyewe.

"Vinne," akasema.

"Arobaini na vinne?"

"Vinne, dada. Vinakuja sasa hivi. Nitakueleza kosa langu, lote, lakini ni vinne."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za mabakuli na mtoto anayelia. Sikudhani hakufoka. Aliongea taratibu kama mtu anayetua mzigo chini.

"Wanne nitawachagua, ni kazi yangu. Ila wamesikia kwamba simu yako imeingia, wako mlangoni. Kuna mmoja mwanawe ni wa tano kwenye orodha. Mimi nimewaeleza watu habari hizi wiki tano, Kalunde. Huyu mweleze wewe. Nampa simu."

Simu ikakwaruza mkononi mwa mtu. Mwanamke kijana akavuta pumzi, akaweka sauti yake sawa, sauti ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," Kalunde akasema.

"Poleni na kazi. Tunasikia mnavyotuhangaikia huko, Mungu awalipe." Akanyamaza kidogo, kwa adabu, akimngoja mkubwa wake aseme.